Sufuria Isiyo na Alama

Nimechapa kadi za harusi kwa miaka kumi na mmoja, katika chumba cha ghorofa ya pili karibu na River Road, na mtu akiniuliza mapenzi yana rangi gani nitamjibu bila kufikiri: krimu na maruni, herufi za dhahabu, utepe uletwe na mteja mwenyewe. Nimeona mengi katika kile chumba. Nimeona bwana harusi ameketi kwenye benchi kimya kama mtu aliyeletwa kituo cha polisi, huku shangazi watatu wakigombania jina la nani litangulie. Nimechapa upya kadi zote za watu kwa sababu mjomba fulani alisahauliwa kwenye orodha ya kamati, na siku yenyewe mjomba huyo hata hakufika. Ndipo nikaapa. Nilisema yangu ikija, kama itakuja, haitakuwa na kamati, haitakuwa na hema, wala haitakuwa na mjomba.

Ilikuja nikiwa na miaka thelathini na sita, umri ambao kwetu Kinoo watu huanza kukuombea kwa sauti. Alikuwa fundi wa friji. Aliitwa kutengeneza friji ya soda katika duka la chini, akapanda juu kuniomba kalamu ya kuandikia risiti, na ile kalamu ilimchukua saa mbili kuirudisha. Amelelewa Woodley, katika zile nyumba za zamani zenye ua wa michongoma, na watu wake asili yao ni Machakos. Ni mtu wa polepole. Mimi nikichemka yeye husubiri nipoe, na sijawahi kujua kama ni tabia au ni kazi imemwingia.

Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshaonana. Mbuzi walikuwa wameshatajwa na kutolewa, chai imenywewa, maneno yameisha. Ilibaki sherehe tu, na sherehe tulikubaliana iwe ndogo, kwa sababu mfuko wetu haukuwa mfuko wa hema na sisi wenyewe hatukuwa watu wa hema. Tungetia sahihi mjini Ijumaa asubuhi, kwa msajili wa ndoa, halafu twende Kenyatta Market tule nyama choma na watu arobaini tunaowajua kwa majina. Basi. Saa kumi jioni kila mtu awe kwake amevua viatu.

Kosa langu lilitokana na kazi. Mtu mwingine angemwambia mama yake mambo haya kwa mdomo, akiyazungusha kidogo, akichanganya na habari za mvua. Mimi niliyachapa. Nilikaa kwenye mashine, nikachagua herufi nzuri, nikapanga mistari, nikatoa ukurasa mmoja uliosafika kabisa. Hakuna kamati. Hakuna kufunga geti. Hakuna wasichana wa kucheza kwa mstari. Hakuna keki ya ghorofa. Hakuna emsii. Na mwisho kabisa, kwa herufi nzito, mstari niliojivunia kuliko yote: Wazazi hawatafanya kazi yoyote, watakaa, watakula, watapumzika. Nikatoa nakala mbili, moja ya mama yangu na moja ya mama yake.

Mbele yangu na mchumba wangu, mama yangu aliisoma sebuleni kwake Kinoo, akiwa ameshika karatasi mbali na macho kwa sababu miwani huvaa kanisani tu.

"Hakuna kamati. Sawa," alisema. "Hakuna geti. Sawa. Hakuna wasichana. Sawa. Hakuna keki. Sawa. Hakuna emsii. Sawa."

Alipofika ule mstari wa mwisho alisogeza karatasi karibu na macho. Akausoma tena kwa midomo bila sauti. Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya mkebe wa sukari.

"Sawa," akasema.

Tulipoaga alinisindikiza hadi mlangoni, akaniita kwa jina langu la kitambulisho. Hapo ni lazima nieleze kidogo. Mimi nimebeba jina la nyanya yangu, mama wa mama yangu, na kwa hiyo tangu nizaliwe mama huniita maitu, yaani mama yangu. Hunifokea akiniita maitu. Alinichapa utotoni akiniita maitu. Jina la kitambulisho analijua, lakini kabla ya hapo nilikuwa nimelisikia kinywani mwake mara moja tu, siku aliponipeleka kuandikishwa shule.

Na mimi, pumbavu, nikatembea hadi barabarani nikiwa na furaha. Mchumba wangu ndiye aliyesimama.

"Umeskia vile amekuita?"

"Amesema sawa," nikamjibu. "Twende."

Mama yake kule Woodley aliipokea nakala yake kwa kicheko. Ni muuguzi mstaafu, na watu waliofanya kazi wodini hawashtuki upesi. Aliisoma yote, akasema yeye haombi kitu ila sala fupi na chai ya kweli, si ile ya mfuko wa kuning'inia kwenye uzi. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Na mama yako amesema nini?"

"Amesema sawa."

"Mara ngapi?"

Nikahesabu. "Kama mara sita."

Akatikisa kichwa. "Mzazi akisema sawa mara moja, amekubali. Akisema mara sita, mwanangu, enda urudi."

Sikurudi. Nilikuwa na kazi nyingi, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshamaliza kufurahia ushindi wangu na sikutaka mtu aufungue tena. Zikapita wiki mbili. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wahenga hao lazima walikuwa na mama. Nikampigia simu kumkumbusha saa ya kufika mjini.

"Ijumaa?" mama akasema, kana kwamba namuuliza habari za mtu mwingine. "Ijumaa niko na kazi. Msichana wa hapa nyuma anaolewa Jumamosi. Ijumaa tunamenya viazi."

"Mami, Ijumaa ni harusi yangu."

"Nilisoma kwa karatasi. Nitakuja kama nitapata nafasi."

Kama atapata nafasi! Nilibaki nimeshika simu huku mashine ikiendelea kutema kadi za watu. Siku ile nilichapa karatasi nzima ya mfano iliyosema familia mbili zinawaalika "kwa hasira na taadhima", na bahati nzuri bosi wangu huangalia mfano kabla ya kukubali.

Ni vizuri mjue viazi ni nini kwetu. Mama yangu na wenzake kumi na wawili ni wa kikundi cha kanisa, na kwa miaka yote ninayokumbuka hakuna harusi iliyofanyika upande ule wa Waiyaki Way bila wao kukaa uani siku moja kabla, kila mmoja na kisu chake na beseni lake, wakimenya viazi vya mukimo, ule wa kupondwa pamoja na mahindi na mboga, kutoka asubuhi. Hawaitwi na kadi. Hawaketi mbele. Siku ya harusi, wakati picha zinapigwa, wao wako nyuma ya nyumba kwenye moshi. Na kila mmoja huenda na sufuria yake kubwa, na chini ya sufuria kuna alama iliyopakwa kwa rangi ya kucha: nukta tatu ni ya huyu, duara ni ya yule. Ya mama ni mistari miwili myekundu. Sherehe ikiisha, sufuria hupinduliwa zote, na kila moja hurudi kwao kama mbuzi anayejua boma lake.

Mimi nilikua nikiiona ile sufuria ya mistari miwili ikitoka na kurudi, ikitoka na kurudi. Nilikua nikimwona mama akirudi na mgongo uliokataa kunyooka. Tulipomzika baba, zilikuja sufuria zote kumi na mbili kwetu, kwa siku tano, na sikumbuki mtu akimwuliza mama kama amenunua chumvi. Baada ya hapo mama hakukosa harusi hata moja wala matanga hata moja. Ndiyo maana niliandika ule mstari wa mwisho kwa herufi nzito. Nilidhani nampa zawadi. Nilidhani nimekuwa mtu wa kwanza duniani kumwambia mama yangu apumzike.

Basi Jumapili nikapanda Kinoo kwenda kugombana. Sitaki kuipamba: nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba yenye sehemu tatu, na ya tatu ilikuwa na machozi.

Mama hakuwapo. Alikuwa amebaki kanisani kwenye mkutano. Aliyekuwapo uani ni mwenyekiti wa kikundi chao, mama mmoja mpana mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili, ambaye alikuja kuchukua vyombo vya Ijumaa.

"Ni wewe!" akasema. "Mwenye karatasi! Haya, fanya kazi kidogo. Ingia kwa chumba ya mama yako uniletee sufuria kubwa. Iko chini ya kitanda."

Niliingia, nikapiga magoti, nikaivuta sufuria ya mistari miwili. Nyuma yake, imesukumwa hadi ukutani, kulikuwa na nyingine, kubwa zaidi, imefungwa ndani ya shuka. Nikafikiri anazitaka zote. Nikaivuta na hiyo, nikaifungua, nikaitoa nje nikiisukuma kwa goti kwa sababu haikushikika. Ilikuwa mpya kabisa. Ilikuwa inang'aa hadi nikaona uso wangu ukiwa na hasira. Karatasi ya duka ilikuwa bado imebandikwa chini, na kando ya karatasi hapakuwa na alama yoyote.

Mwenyekiti aliiona akaacha alichokuwa akifanya.

"Haiya. Hiyo rudisha. Hiyo haitoki."

"Kwa nini? Ni ya nani?"

Akaniangalia kama mtu anayepima kama mtoto amekua wa kutosha. "Ni yako," akasema. "Alinunua ule mwaka ulimaliza chuo. Alisema hii haitawekwa kwa moto ya mtu mwingine, itaanza na harusi ya huyu msichana. Tumeingoja, tumeingoja. Kuna mwaka tulitaka kuiazima kwa sababu ya ile harusi kubwa ya mwalimu, akakataa, tukamnunia mwezi mzima."

Nikaketi juu ya jiwe la kufulia.

"Halafu ukaleta karatasi," aliendelea, sasa kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya mama yule ilinitisha kuliko kelele zake. "Alikuja kwa kikundi akatuambia, msinunue kitenge, msijisumbue, msichana wangu amesema nikae. Hata mgeni, siku ya tatu anapewa jembe. Wewe mama yako mzazi umemnyima jembe."

Niliona aibu. Siwezi kulisema kwa njia nyingine. Ile hotuba yangu ya sehemu tatu ilinikaukia mdomoni, na machozi ya sehemu ya tatu yakaja bila kuitwa, mapema, kwa sababu isiyokuwa imepangwa. Nilikuwa nimefuta geti na keki na mjomba, vitu ambavyo mama hakuvijali hata kidogo, na katika kufutafuta nikafuta kitu kimoja alichokuwa akikingoja kwa miaka kumi na mitatu chini ya kitanda.

Mama alitokea langoni na biblia kwapani. Akaniona, akaiona sufuria, akaiona shuka imelala chini.

"Nani ametoa hiyo?"

Mwenyekiti, ambaye haogopi askofu, akaanza kuhesabu mabeseni.

"Mami," nikasema, "wale wa Kenyatta Market wanachoma nyama tu. Hawajui mukimo."

"Si wako na ugali."

"Siwezi kuolewa na ugali."

"Ulisema si harusi. Ulisema ni lanchi."

"Nilikosea."

Akaiweka biblia juu ya dirisha. Alichukua muda wake. "Na hiyo mukimo nani atamenya viazi yake? Wenzangu nimeshawaambia hawatakikani."

"Nitamenya mimi."

Mwenyekiti aliangua kicheko hadi mbwa wa jirani akabweka. Mama hakucheka. "Bibi harusi hamenyi viazi yake," akasema. "Hiyo haijawahi kuonekana."

"Karatasi yangu inasema hakuna mila. Hiyo pia ni mila."

Pembe moja ya mdomo wake ilisogea, nikajua nimepata pa kushika. Lakini hakuniachia hivyo. Aliketi karibu nami kwenye jiwe, akakunja mikono, akaniuliza swali ambalo hadi leo likinijia nikiwa kazini huacha mashine ikimbie tupu.

"Ulikuwa unatuonea aibu? Mbele ya watu wa mjini?"

"Hapana, Mami. Nilitaka upumzike. Nimekuona ukibeba sufuria za watu tangu nikiwa mdogo."

"Nilikuwa nabeba," akasema, "nikijua siku yangu inakuja."

Nikamshika mkono, naye akauacha ushikwe, jambo ambalo si la kawaida yetu. Halafu mwenyekiti akakohoa na tukaanza kujadiliana kama watu wa soko. Wenzake mama ni kumi na wawili, kwa hiyo watu arobaini wakawa hamsini na wawili. Viazi vya jirani vingemenywa Ijumaa jioni wakisharudi kutoka kwetu, kwa maana, mwenyekiti alisema, viazi havina saa. Nikasema lakini hakuna kuimba. Wakaangaliana. Nikasema basi, kuimba kidogo. Mchumba wangu nilipompigia simu kumweleza kwamba mpango wetu umefumuka, alisubiri nimalize, kisha akauliza kama alete viazi vya Kinangop au vya Molo.

Alhamisi nikachukua ruhusa kazini nikaenda kumenya. Nilikwenda na kisu kizuri cha dukani, chenye mpini wa rangi, na hicho kilikuwa kichekesho cha kwanza. Cha pili kilikuwa maganda yangu.

"Hii ganda ni ya kulisha ng'ombe ama ni kiazi ingine?" aliuliza mama mmoja akiliinua wote walione.

"Mwache, huko mjini viazi inakuja ikiwa chipsi."

Nikawa nakasirika na kucheka kwa wakati mmoja, na kila nikikata ganda jembamba nililionyesha kama mtoto. Saa nane hivi mchumba wangu akafika na gunia la pili, akasalimia kila mama kwa mkono mmoja mmoja kama alivyolelewa, na kabla hajatafuta njia ya kutoroka akapewa kisu. Akaketi kwenye mtungi wa maji uliopinduliwa. Akamenya kiazi kizima kwa ganda moja refu lisilokatika, jembamba hadi ungeweza kusoma gazeti kupitia kwake, akaliweka chini taratibu, akachukua kingine. Visu vya wengine vikasimama.

"Huyu," mwenyekiti akatangaza, "ndiye tulikuwa tuoze. Huyo mwingine mrudishe mjini."

Mama yangu alicheka hadi akajifuta macho kwa kona ya leso. Nilimtazama akicheka. Bado alikuwa hajaniita maitu. Kila aliponihitaji siku ile alisema "wewe", au "mwenye kisu ya rangi", na mimi nilikuwa nasikiliza kila sentensi yake nikingoja, kama mtu anayesubiri jina lake litajwe hospitalini.

Ijumaa, kabla ya jua, ile sufuria mpya iliwekwa kwenye mafiga kwa mara ya kwanza. Sikuwapo, nilisimuliwa kwamba karatasi ya duka iliungua ikaacha harufu mbaya na kila mama akapiga makofi. Saa tano mama alifika mjini, katika ofisi ya msajili, akiwa na nguo yake nzuri ya bluu, akinukia losheni juu na moshi chini. Tulitia sahihi. Msajili aliuliza kama kuna mtu ana pingamizi, na nilimwona mwenyekiti, aliyekuja pale ofisini bila kualikwa, akivuta pumzi. Lakini alikuwa anapiga chafya tu.

Sasa, njia ya kuingilia kwenye ile sehemu ya nyama ya Kenyatta Market hupita katikati ya saluni. Ukipita pale na kichwa chako umepita sokoni na ng'ombe: kila msusi anakuona wewe ni kazi. "Siz, kuja nikusuke! Siz, hizo nywele zinalia!" Mimi mwenyewe nilikuwa nimesukwa palepale Jumatano jioni. Tuliingia kwa kijia kile mimi nikiwa na ua moja jeupe kichwani, mume wangu wa dakika arobaini kando yangu, na nyuma yetu mama wawili wamebeba ile sufuria imefungwa kwa blanketi ikitoa mvuke. Msusi wangu akanitambua. Akaona ua, akaona sufuria, akaelewa.

"Wasichana! Ni harusi! Fungeni!"

Wakafunga. Wakatoka saluni zote, na vitana mdomoni na uzi wa nywele shingoni, wengine na wateja wao waliosukwa nusu kichwa, wakashikana mikono kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna kufunga geti, mstari wa pili wa karatasi yangu. Nikafungua mdomo kueleza kwamba sisi ni watu wa lanchi tu. Mama yangu akanisogeza kando kwa kiwiko.

Kwa kawaida geti hufungwa na upande wa msichana, na upande wa mvulana ndio huimba nje ukibembeleza. Lakini hawa walikuwa wamefungia kila mtu. Ikabidi pande zote mbili zisimame upande mmoja. Akina mama wa Kinoo wakaanza kwa Kikuyu, wakaishiwa pumzi, na mama mkwe wangu, yule aliyeomba sala fupi na chai ya kweli, akapokea kwa Kikamba kwa sauti ambayo mwanawe aliapa hajawahi kuisikia. Waliimba wakabembeleza hadi wachoma nyama wakaja na visu kutazama. Geti lilifunguliwa kwa kreti moja ya soda. Na kwa sababu huwezi kumpa mtu soda ukamwacha asimame, wasusi nao waliingia wakala, kwa zamu. Wale hamsini na wawili wakawa wangapi mwishoni sijui, lakini mukimo ulitosha, kwa maana mama hakuwa amepika wa watu hamsini na wawili hata siku moja. Alikuwa amepika wa harusi.

Nilimpelekea kiti. Alikuwa amesimama nyuma ya sufuria, leso imefungwa juu ya ile nguo ya bluu, mwiko mkononi, akipakua na kuuliza kila mtu kama ameshiba na kumwongezea kabla hajajibu.

"Mami, kaa kidogo."

"Kiti ni cha wageni," akasema, akapakulia mtu mwingine.

Sikusisitiza. Kwa mara ya kwanza nilimwona vizuri. Alikuwa amechoka na mgongo ulikuwa unauma, nilijua kwa jinsi alivyosimama, na hapakuwa na mtu mwenye furaha kuliko yeye pale ndani, nikiwemo mimi niliyeolewa.

Kabla ya saa kumi, kama tulivyokubaliana, watu walianza kuondoka. Sufuria ilikwanguliwa, ikaoshwa kwenye mfereji wa nyuma, ikapinduliwa juani. Chini ilikuwa imeshapata weusi wake. Mama akapafuta kwa kitambaa hadi pakawa pasafi sehemu moja ndogo, upana wa kiganja. Nikajua anachotaka. Nikatoa kwenye mkoba ile chupa ya rangi nyekundu ya kucha niliyopakwa kwa ajili ya siku ile, nikachuchumaa, nikaanza kuchora mistari yake miwili.

Akanishika kifundo cha mkono.

"Si yangu hiyo," akasema. "Weka alama yako, maitu."

Nilichelewa kuona vizuri, kwa sababu ya macho. Mistari miwili ilikuwa imeshapata nusu, sikutaka kuifuta, kwa hiyo nikaimalizia na kuongeza wa tatu, umepinda kidogo. Mwenyekiti aliinama akaikagua, akasema alama hiyo haina mwenyewe katika kikundi, inakubalika. Mimi nilikuwa bado nafikiria lile neno moja, natabasamu kama mjinga, wala sikutambua nimekubaliwa wapi.

"Iache ikauke," mama akasema, akijifungua leso. "Jirani amesema wageni ni wengi, sufuria hazitoshi. Kesho saa kumi na mbili tunawasha moto. Sufuria inaenda, na mwenye sufuria anaifuata."

"Kesho? Mami, kesho ni siku yangu ya kwanza ya ndoa."

"Ndiyo. Kuja na kisu. Si ile ya rangi."

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba ya jirani, kwenye moshi, nikikata vitunguu, na mume wangu akimenya viazi vilivyosahauliwa jana. Mbele kulikuwa na hema mbili, emsii, wasichana wa kucheza kwa mstari, na mtu aliyekuwa akigawa kadi za ratiba. Nilimwomba moja. Ilikuwa krimu na maruni. Nilikuwa nimeichapa mwenyewe.